Tasnifu iliyoandikiwa kwenye meza ya chakula

Jana jioni, nikiwa nimeketi kwenye meza ileile ya chakula hapa Kimara, Dar es Salaam, ambako nimeandikia kila sura, nilipokea barua pepe ya chuo ikithibitisha kwamba tasnifu yangu ya uzamili imekubaliwa baada ya masahihisho madogo. Nilisoma kwa njia ya mtandao tangu mwanzo, kwa sababu kazi yangu ya Kariakoo haikuniruhusu kuhudhuria darasani, na makala nyingi nilizisomea ndani ya basi la mwendokasi liendalo kituo cha Gerezani, nikibahatika kupata kiti. Kukusanya madodoso kwa wauza vitenge kulikuwa kwepesi kuliko nilivyodhani; sura ya pili, ya mapitio ya maandiko, ndiyo iliyonitesa, kwani msimamizi aliirudisha mara nne, na mara ya mwisho aliandika pembeni maneno matatu tu: “Wewe mwenyewe unasemaje?” Swali hilo liliniudhi wiki nzima kabla sijakiri kwamba lilikuwa la haki. Siku ya kuitetea, umeme ulikatika nikiwa kwenye slaidi ya tatu, nikaendelea kwa bando la simu niliyoiegemeza kwenye chupa ya chai, huku mama akiwanyamazisha watoto uani. Nakala zilizojalidiwa nitazichukua Jumatatu Mwenge. Ya kwanza ni ya mama.