Mwizi wa Farasi kutoka Rorikstead

Jana usiku mpwa wangu kanitumia ujumbe wa sauti. "Shikamoo mjomba. Ile Skyrim nimeipata. Sasa nianze na modi au bila modi?" Skyrim ni gemu la kompyuta la kampuni ya Bethesda, na ndilo jina la nchi ya kubuni iliyomo; modi ni nyongeza ambazo wachezaji huzitengeneza wenyewe. Nyuma ya maneno yake ilisikika ile kwaya ya mwanzo wa gemu, kazi ya mtunzi Jeremy Soule, wanaume wakiimba kwa nguvu katika lugha ya majoka. Nikamwambia asubiri, nitamjibu. Kisha usingizi ukapotea kabisa, maana swali lile mimi niliwahi kulijibu mwaka tuliomzika babu, nikiwa kwenye chumba cha uani pale Sinza, na jibu lake lilinifikisha mahali ambako sikutarajia.

Enzi hizo nilikuwa sijui Skyrim isiyo na modi ikoje. Gemu lenyewe lilitoka tarehe 11 Novemba 2011. Mimi lilinifikia likiwa na umri, katika toleo la Special Edition la mwaka 2016, ndani ya diski ya binamu yangu aliyekuwa na intaneti ya uhakika. Mimi nilikuwa mtu wa bando la usiku. Binamu alinipa kila kitu kikiwa tayari: SkyUI ya menyu mpya, kwa sababu menyu za awali zilitengenezwa kwa ajili ya wenye padi na si wenye kipanya, hali ya hewa mpya, majani mapya, maji mapya, mavazi, nyumba, taa za barabarani. Zilikuwa zaidi ya mia. Siku hizo kikomo kilikuwa faili 255 pamoja na za gemu lenyewe, na zilipangwa kwa foleni: inayopakiwa mwisho ndiyo inayoshinda pale mbili zinapogombea kitu kimoja. Binamu aliitunza foleni ile kwa uangalifu mkubwa. Alikuwa anajua kila modi imekaa nyuma ya ipi na kwa nini.

Kati ya hizo kulikuwa na moja ya mtengenezaji modi Arthmoor inayoitwa Live Another Life. Skyrim asilia humwanzisha kila mchezaji mahali pamoja: umefungwa kamba mikononi, umo kwenye mkokoteni wa wafungwa, mnapelekwa mji wa Helgen kukatwa vichwa. Aliyekwisha kucheza mara nyingi huchoshwa na mkokoteni ule. Modi hiyo inauruka. Unaamka kwenye seli ya gereza bovu, mbele yako kuna sanamu ya Mara, mmoja wa miungu ya nchi ile, unazungumza nayo, unachagua maisha: mwindaji porini, mgeni kwenye nyumba ya wageni, abiria aliyenusurika meli ilipozama. Ni modi nzuri, iliyofanywa kwa akili. Ila mimi iliniondolea mkokoteni ambao nilikuwa sijawahi kuupanda.

Basi tukarudi kutoka msibani Lushoto nikakuta kompyuta imekufa upande wa diski. Ikawekwa nyingine, tupu. Jumamosi binamu akaja na mfuko wake.

"Nikurudishie zilezile, mdogo wangu?"

"Hapana kaka. Safari hii nataka lenyewe, bila kitu."

"Bila kitu kivipi? Hata pachi isiyo rasmi?"

"Hata hiyo."

Akaketi kitandani. Hakukasirika, aliniangalia tu, kisha akaanza kunieleza kwa upole. Pachi isiyo rasmi inarekebisha mamia ya hitilafu ambazo Bethesda waliziacha. Kuna kazi zinazokwama, milango inayokataa, watu wanaopotea. Kisha akanikumbusha jambo ambalo kila anayecheza na modi analijua: huwezi kuanza na modi ukazing'oa katikati, maana skripti zake, yaani maagizo yake kwa gemu, huingia ndani ya faili la kuhifadhi na kubaki humo, na gemu huanza kuharibika polepole. Kuongeza baadaye nako kuna modi zinazokubali na nyingine zinazogoma. Kwa hiyo unatakiwa uamue mwanzoni, kabla hujaiona nchi yenyewe. Alikuwa sahihi katika kila alichosema.

Mimi sababu yangu ilikuwa moja, na nilishindwa kuieleza vizuri siku ile. Katika lile gemu la mwanzo nilikuwa nikipita njia usiku, naona taa inaning'inia kwenye nguzo, nasimama kuitazama. Baadaye nagundua taa ni ya modi. Naingia msituni, navutiwa na mti: wa modi. Nasikia ndege: modi. Nilikuwa nimeipenda nchi nzima na sikujua nimshukuru nani kwa kitu gani. Nilitaka kujua wale wa mwanzo walisema nini kabla wengine hawajaongeza maneno yao.

Binamu akashusha pumzi, akaweka gemu tupu, akala ugali wetu, akaenda zake. Usiku uleule nikaanza.

Skrini nyeusi. Sauti ya magurudumu na kwato. Macho yanafunguka, na mbele yangu amekaa mtu mwenye nywele ndefu za rangi ya majani makavu, Ralof, anayeniambia kwamba hatimaye nimeamka. Huwezi kufanya kitu chochote hapo. Hakuna menyu ya kukusaidia, hakuna cha kuchagua, mikono imefungwa. Unachoweza ni kugeuza kichwa. Nikageuza. Pembeni yangu kuna mtu wa heshima aliyezibwa mdomo kwa kitambaa, Ulfric Stormcloak, kiongozi wa uasi dhidi ya Dola. Na karibu na Ralof yuko kijana mwembamba mwenye mavazi yaliyochakaa, hatulii, macho yanamzunguka. Huyo ni Lokir. Alitaka kuiba farasi akimbilie nchi jirani ya Hammerfell, akaingia kwenye mtego uliotegewa waasi, sasa anakwenda kufa nao na yeye si mwasi.

Barabara inateremka katikati ya misonobari na ukungu umelala chini, kama njia ya kupanda Magamba asubuhi. Theluji inaisha taratibu kadiri tunavyoshuka. Lokir anamlaumu kila mtu. Anamtazama yule aliyezibwa mdomo, anauliza ana nini huyu. Anaambiwa ni nani. Hapo uso unambadilika: kama wamemkamata hata huyu, basi sisi tunapelekwa wapi? Ralof anamjibu kwamba hajui wanakokwenda, ila Sovngarde, ahera ya mashujaa wao, inawasubiri. Kijana anakataa, anasema hili haliwezi kuwa linatokea.

Kisha Ralof anamuuliza, bila kejeli: wewe mwizi wa farasi, ni wa kijiji gani?

Inakuhusu nini?

Na Ralof anasema kwamba mawazo ya mwisho ya Mnord, mtu wa kabila lao, yanapaswa kuwa ya nyumbani.

Lokir anakaa kimya kidogo. Anajibu: Rorikstead. Anasita, anarudia, kwamba yeye anatoka Rorikstead.

Nikabonyeza kitufe cha kusimamisha. Babu yetu alifia Dar, kwenye kitanda cha hospitali, na siku zile za mwisho hakuuliza habari za dawa wala za daktari. Alikuwa anauliza migomba. Alikuwa anauliza kama mvua imenyesha kule, na nani amepalilia upande wa bondeni. Shangazi alimjibu kila mara, "Imenyesha, baba, tena nzuri," hata siku ambazo hakuna aliyekuwa amepiga simu nyumbani kuuliza. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni nikisikia, na sikujua ningeweza kusema nini. Sasa watu walioketi ofisini Marekani, wasiotujua kabisa, walikuwa wamemwandikia mwizi wa farasi sentensi moja ya kusema, na ilikuwa ni ileile ya babu.

Nikaendelea. Mkokoteni unaingia Helgen. Mtoto mdogo barazani anamuuliza baba yake hawa ni nani na wanapelekwa wapi. Anaambiwa aingie ndani. Ralof anautazama mji, anamkumbuka msichana aliyempenda hapa zamani, anajiuliza kama Vilod bado anatengeneza ile pombe ya asali yenye matunda ya mreteni. Anasema alipokuwa mtoto, kuta na minara hii ya Dola ilimfanya ajisikie salama. Lokir yeye anaomba. Anawaita miungu yao kwa majina, na kati ya hayo analitaja jina la Mara. Mara yuleyule ambaye kwenye modi nilikuwa nikisimama mbele ya sanamu yake na kuagiza maisha ninayoyataka, na ananipa.

Tunashushwa. Majina yanasomwa. Likisomwa la Lokir wa Rorikstead anapaza sauti kwamba yeye si mwasi, kisha anakimbia. Anapita katikati ya barabara, mbio za mtu asiye na mpango, na wapiga mishale wanamlaza chini. Kapteni anauliza kama kuna mwingine anayetaka kukimbia. Na ni hapohapo, maiti ikiwa bado barabarani, ndipo askari mwenye orodha anageuka kwangu na kuniuliza: na wewe ni nani? Ndipo gemu linakupa uso wa kujitengenezea, kabila, jina. Nilikuwa nimezoea kukaa hapo nikibadilisha nywele. Usiku ule nilichukua uso wa kwanza ulionijia nikaandika jina la babu.

Yaliyofuata mtu yeyote aliyecheza anayajua: joka Alduin anatua juu ya mnara, moto, mbio, pango, kijiji cha Riverwood. Sikukaa Riverwood. Ile kucha ya dhahabu aliyoibiwa mwenye duka Lucan niliiacha huko iliko. Nikapita nje ya mji wa Whiterun bila kwenda kumwona mtawala wake, Jarl Balgruuf, nikashika njia ya magharibi kwa miguu, kwa silaha ya askari wa Helgen na nguo za kuokota, kuelekea Rorikstead. Hakuna aliyenituma. Niliona tu kwamba ndani ya nchi ile nzima mimi na wachache tuliotoka Helgen ndio tunaojua kijana yule amekufa vipi.

Rorikstead ni kijiji cha mashamba, nyumba chache. Kuna nyumba ya wageni, Frostfruit, ya Mralki, ambaye mwanawe Erik anataka kuacha jembe akawe shujaa na baba hataki. Kuna Lemkil, mkulima mwenye mdomo mkali kwa mabinti zake mapacha, Britte na Sissel. Kuna mzee Rorik mwenyewe. Nilizungumza na kila mmoja. Nilipitia kila mstari wa mazungumzo mpaka ukaisha, nikasubiri usiku waingie baa, nikarudia. Hakuna aliyenitajia Lokir. Hakuna mahali gemu lilinipa nafasi ya kusema: mwenzenu ameuawa, na la mwisho alilowaza ni hapa.

Nikampigia binamu asubuhi. Akacheka kwa furaha, akasema: "Si unaona? Andika mwenyewe. Creation Kit, ile zana ya kutengenezea modi, ni bure tangu 2012."

Ni kweli, na sina dharau yoyote na kazi ya wanaoandika. Falskaar, kisiwa kizima chenye hadithi yake, kilitoka 2013 mikononi mwa kijana Alexander Velicky aliyetaka kazi Bethesda, na kampuni nyingine ya magemu, Bungie, ndio waliomchukua. Kikundi cha SureAI cha Ujerumani walijenga Enderal juu ya gemu hilihili, dunia nyingine kabisa. Watu hawa waliipenda nchi ile kiasi cha kuipa miaka yao.

Ila jambo la Lokir linanisumbua mpaka leo. Kama waandishi walikusudia kimya kile, kwamba mtu anaweza kufa akiwaza kijiji ambacho hakimuwazi, basi sentensi yangu itaifuta yao. Kama walipitiwa tu, kwa kuwa kazi ilikuwa kubwa na siku zimefika, basi kumwacha hivyo si heshima kwa mtu yeyote. Nimelitazama pande zote mbili na sijaona pa kushika. Bila modi nilimsikia. Hilo nina hakika nalo. Kwamba baada ya kumsikia niendelee kukaa kimya, hilo sina hakika.

Nilichofanya mpaka sasa ni hiki. Nimefungua Creation Kit, nimechagua atakayeambiwa awe Mralki, kwa sababu naye ana kijana anayetaka kuondoka. Itakuwa maandishi bila sauti, na maandishi bila sauti hupita haraka kabla mtu hajayasoma, kwa hiyo inahitajika modi nyingine, Fuz Ro D-oh, ya kuyashikilia kwenye skrini, nayo inataka programu nyingine ya nyongeza, SKSE. Hayo yote binamu ananisaidia. Nilipokwama ni jibu la Mralki. Kila nikiliandika linatoka na sauti ya shangazi, kwamba imenyesha, tena nzuri, na Rorikstead hakuna mtu anayezungumza hivyo.