Mchujo wa 2015: mtaa ulikua na wake, ukumbi wa Dodoma ukawa na wake

Watu washaanza kupanga majina ya 2030 huku Lindi. Barazani, kwenye magrupu ya WhatsApp, kila mtu ana mgombea wake wa kupitishwa na CCM, na mimi nikiwasikiliza narudi 2015 moja kwa moja, maana ule mwaka ndo nilielewa mchujo wa chama unavyokwenda, na nilielewa kwa uchungu kwa sababu tulikua na mtu wetu ndani.

Mtu wetu ni marehemu Bernard Membe, mtoto wa Rondo, mbunge wa Mtama toka 2000, waziri wa mambo ya nje toka 2007. Mwezi wa sita akatangaza nia hapahapa Lindi, na jamani tuliamini. Waliochukua fomu walikua 42, wakarudisha 38, lakini ukiangalia meza ya magazeti ungedhani wako wawili tu. Magazeti ya Dar yalikua yanafika mchana, muuzaji anayatandaza chini, juu ya kila moja kaweka kijiwe upepo wa bahari usiyabebe, alafu watu wanajaa wanasoma vichwa vya habari bila kununua. Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani, huku, Membe kule. Lowassa alitangaza nia Arusha uwanja ukafurika, akazunguka mikoani kutafuta wadhamini, chama kilikua kinataka 450 tu, yaani 30 kila mkoa kwa mikoa 15, ila yeye zikaandikwa habari za wadhamini zaidi ya laki nane.

Hapo ndo mtaa ulianza kuhama. Vijana wa bodaboda waliokua wanasema Membe, Membe, mwana wetu, taratibu wakaanza kusema aah huyu mzee hazuiliki, bora tuwe nae mapema. Ukimuuliza kijana Lowassa kasema nini kuhusu korosho hana jibu, anakuambia wewe huoni watu wale? Gazeti linahesabu watu uwanjani, msomaji anaona mshindi ni yule, anahamia, kesho yake uwanja unajaa zaidi na gazeti linapata picha nyingine. Mi naamini kabisa watu wengi hawakuhama kwa hoja, walihama kwa kunusa ushindi unakoelekea.

Sasa shida ni kwamba ule umati hauna kura Dodoma. Kamati Kuu inabakisha watano, Halmashauri Kuu inabakisha watatu, Mkutano Mkuu unachagua mmoja. Ile kauli ya kura za maoni za 2020, wajumbe sio watu, watu waliicheka ila imebeba ukweli, mjumbe anaangalia vitu ambavyo mtaani havionekani.

Na sisi wa kusini tulitakiwa tulijue hilo kuliko wote, kwa sababu Mkapa wa Lupaso, Masasi, alipita hivyohivyo 1995. Raundi ya kwanza aliongoza Kikwete kwa kura 534, Mkapa 459, Msuya 336. Msuya akatoka, wakarudia, Mkapa 686 Kikwete 639. Piga hesabu uone, kura za Msuya zilipokosa mwenyewe zaidi ya mia mbili zilimuongezea Mkapa na mia na kidogo tu zikaenda kwa Kikwete, na Mwalimu alikua bado yupo na sauti yake nzito. Hiyo ndo kuhama kwa support kunakoamua rais, mule ndani ya ukumbi, ndani ya masaa.

Turudi 2015. Ilikua Ramadhani, Ijumaa tarehe 10 Julai, usiku watu wamekaa na simu tu. Majina matano yakatoka: Magufuli, Membe, January Makamba, Asha-Rose Migiro, Amina Salum Ali. Lowassa hayupo! Mtaani kwetu zilipigwa kelele mpaka daku, na walewale waliohamia kwa Lowassa usiku uleule wakarudi kuwa wa Membe, tena kwa sauti kubwa. Dodoma nako wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Nchimbi, Sophia Simba na Kimbisa, wakatoka mbele ya waandishi kupinga, na wajumbe wengine wakaimba kwamba wana imani na Lowassa. Ikaja tatu bora, Membe kakatwa. Ukawa ukimya. Mkutano Mkuu ukampa Magufuli 2,104, Amina 253, Migiro 59, na magazeti yote yakageuka siku moja, mtu ambae miezi yote ile alikua haandikwi kama wenzake sasa kajaza kurasa za mbele.

Niwe mkweli kwa waandishi pia, ule umati haukua wa uongo. Lowassa alihamia Chadema tarehe 28 Julai na Oktoba akapata kura 6,072,848, na hapa jirani jimbo la Mtwara Mjini likaenda CUF, waliokua wanamuunga mkono. Kwahiyo walichohesabu kilikuwepo, ila walituambia kitaamua kitu ambacho hakikua na uwezo wa kukiamua. (Na Nchimbi aliyepinga siku ile ndo 2025 kawa mgombea mwenza, siasa ina mzunguko mrefu.)

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba miaka miwili tu nyuma, 2013, Mtwara watu walikufa kwenye vurugu za gesi, na miezi yote ile ya mchujo sikumbuki kusoma mgombea hata mmoja akibanwa vizuri kuhusu gesi ile. Tulisoma nani kambi yake imenuna, nani kaonekana na nani.

2030 Samia atakua amemaliza muda wake kikatiba, mlango utakua wazi, majina yatakua mengi tena. Waandishi wetu wa Lindi na Mtwara, nawaomba msisubiri magazeti ya Dar. Nendeni kwa wajumbe wa Mkutano Mkuu wa Nachingwea, Liwale, Newala, Tandahimba, hao ndo wenye kura, muwaulize wanamtaka nani na kwa sababu gani. Na akija anaetaka urais kutafuta wadhamini huku kusini, kabla hajapanda gari muulizeni salfa, dawa ya mikorosho, ikichelewa atafanyaje, na mkulima aliyepeleka korosho ghalani alipwe baada ya siku ngapi.