Vigingi vimekaza, Lushoto naenda

Jamani vimekaza. Saa hizi ni saa nne usiku, udi wangu, chombo cha muziki cha nyuzi, umelala kitandani kwangu mimi nimekaa chini kwenye mkeka, nimeupiga tena sasa hivi kuhakikisha, nyuzi zote 11 zipo palepale nilipoziacha asubuhi. Miezi mitatu nimehangaika na hivi vijiti vya kukazia nyuzi, miezi mitatu, acha leo niandike yote maana kichwa kimejaa.

Kambi ya muziki inaanza Jumatatu, wiki nzima Lushoto, tunalala hukohuko, asubuhi mazoezi ya makundi, mchana kila mtu na mwalimu wa chombo chake, usiku tunapiga wote. Nilijiandikisha tangu mwezi wa tatu na mpango niliuandika vizuri kwenye daftari: bashrafu mbili (tungo za kupigwa bila kuimba) niziweke vidoleni, makamu (ngazi za sauti) ya rasti na bayati nizifanyie kazi kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, nishone mkoba mpya, ninunue koti. Mpaka leo bashrafu ninayo moja na koti lipo. Mengine yote yameliwa na vigingi.

Mwaka jana nilipanda na huu udi mpaka Soni, njiani kwenda Lushoto, kwenye harusi ya binamu yangu. Tanga nimeutyuni, umetulia, sina wasiwasi. Usiku baridi, wenyeji wakawasha moto sebuleni, nami nikauegemeza udi kwenye kona ya hukohuko nikaona nimeutunza. Saa tisa usiku nasikia trrrr, kama mtu anaburuta kidole kwenye kitana. Uzi wa kwanza huo. Baada ya dakika kadhaa mwingine. Asubuhi nyuzi saba zimelegea zimelala kwenye shingo na vigingi viwili viko sakafuni. Harusi niliipiga hivyohivyo, kila wimbo ukiisha nasukuma vigingi ndani kwa kiganja, natyuni, wimbo unaofuata katikati kimoja kinateleza tena. Kuna bibi mmoja alikuwa amekaa mbele kabisa kwenye jamvi akaniangalia kwa huruma, mpaka leo sura yake naiona. Nikasema kambi ya wiki nzima siendi kuangaliwa hivyo.

Sababu nimeielewa vizuri sasa. Huku kwetu pwani hewa ina maji mwaka mzima, mti umevimba, kigingi kimejaa kwenye tundu lake na wewe unaona kimekaa kumbe kimebanwa na uvimbe tu. Ukitoka hapa usawa wa bahari ukapanda mpaka Lushoto kama mita 1,400 juu, ukakiweka chumba chenye moto, mti unakauka unasinyaa, na kigingi ambacho hakikukaa sawasawa tangu mwanzo hakina tena cha kukishika.

Mwezi wa nne wote nilipoteza kwenye chaki na sabuni. Najua kila mtu ana dawa yake, chaki inashika, sabuni ya mche inalainisha, ukichanganya vizuri kigingi kinazunguka bila kukwama na kinabaki ulipokiacha. Hiyo ni kweli kwa kigingi kizima. Kama kigingi kimeshaharibika umbo utapaka chaki mpaka mikono iwe ya mwalimu wa darasa la kwanza na hakuna kitu. Na wale wanaoshauri supa gluu kidogo kwenye tundu nawaomba waache, kuna udi nimeuona umefanyiwa hivyo na kichwa chake, pale vigingi vinapokaa, kilipasuka siku ya kubadilisha uzi.

Aliyenifungua macho ni fundi mmoja wa vyuma ninayefanya naye kazi. Nilimpelekea kigingi kimoja akakipima kwa venia, kile kipimo cha unene. Upande huu milimita 8.3. Akakizungusha robo, 8.05. Akakizungusha tena, 8.3. Akasema ndugu yangu hiki si duara, hiki ni yai. Nikavipima vyote 11 usiku ule, tisa vilikuwa mayai! Mti ukikauka hausinyai sawa pande zote, ule upande unaofuata duara za umri wa mti unasinyaa karibu mara mbili ya ule unaotoka kiini kwenda kwenye gamba, kwa hiyo kigingi kilichokerezwa duara kamili baada ya miaka kinakuwa yai, na yai kwenye tundu la duara linagusa sehemu mbili tu. Ukikichomoa unaona kabisa, kuna mistari miwili inang'aa, kwingine kote rangi imepauka maana hapajaguswa na kitu miaka yote hiyo. Nilikaa na tochi ya simu nakiangalia hicho kimstari kinachong'aa nikawa na hasira kwelikweli, yaani ndicho kilichonitesa.

Sasa hapo ndo nikafanya kosa la msasa. Nikakunja msasa kama bomba nikawa nazungusha kigingi ndani yake mpaka kirudi duara. Kinarudi, ila kinakuwa chembamba, ukikirudisha kwenye tundu kinazama ndani zaidi, ncha inatokeza upande wa pili na kale katundu ka kupitishia uzi kanahama mpaka kwenye ukuta wa kichwa, uzi unajisaga pale. Nikatoboa vitundu vipya kwa keekee, kimsumari cha milimita moja na nusu, nane vikatoboka vizuri, cha tisa kikapasuka katikati. Nikaona basi, nachonga vipya vyote.

Mti nikataka mpingo. Mti wetu wenyewe, wazungu wanautengenezea klarineti na obo, mzito mpaka unazama kwenye maji, sikuona sababu ya kutafuta kingine. Rafiki yangu alikuwa Dar akaniletea mfuko wa mabaki kutoka kwa wachonga vinyago wa Mwenge, vipande vikavu vya siku nyingi, vingine bado vina sikio au kisigino cha kinyago. Nikavipeleka Ngamiani, hapahapa Tanga, kwa mzee mmoja anayekereza miguu ya vitanda. Nikamwamkia, nikampa kigingi cha zamani cha mfano, nikamwambia mzee nataka kumi na viwili kama hiki. Akakigeuzageuza akasema, "Mwanangu, hii kazi ya kitoto, njoo keshokutwa." Keshokutwa ikawa wiki mbili, simlaumu, ulikuwa msimu wa harusi na vitanda vilikuwa vingi.

Katika hizo wiki mbili ndo nikaingia kwenye mambo ya risha, yaani kile kipande cha kupigia nyuzi. Nilikuwa natumia ile ya plastiki niliyokata kwenye kidumu, inafaa, ila sauti yake kali, ina mkwaruzo. Nikapata pembe ya ng'ombe machinjioni, nikaikata vipande, nikaichemsha mpaka ikalegea, nikaibana kwenye jiriwa kati ya mbao mbili ikanyooka, halafu tupa, halafu msasa, halafu kipande cha kioo cha kukwangulia. Siku nne! Nyumba ilinuka unyoya ulioungua mpaka mama akahamia barazani. Lakini risha niliyoipata, sauti imeshuka imekuwa nene, uzi wa chini unasema kama mtu mzima. Bashrafu ya pili ndo ilifia hapo na siijutii.

Vigingi vya mzee vilikuja vizuri kwa macho, vyeusi, vinang'aa, vimenyooka. Nikaviingiza, vikateleza kuliko vya zamani. Nilikaribia kulia. Nikapaka penseli kigingi kizima, nikakizungusha ndani, nikakichomoa, penseli imefutika upande wa kichwa cha kigingi tu, kwenye ncha ipo vilevile. Mchongoko wake haukuwa mchongoko wa tundu. Vigingi vya namna hii kawaida kila milimita 30 za urefu unene unapungua milimita 1, mzee alikadiria kwa jicho, na jicho lake la vitanda ni zuri ila hapa tofauti ya unywele inatosha kuharibu kila kitu. Na matundu yangu nayo hayakuwa sawa, kila moja na lake.

Usiku mmoja nimelala nikafikiria kichongeo cha penseli. Penseli yoyote ukiiingiza mle inatoka na mchongoko uleule, kwa sababu tundu la kichongeo ndilo linaloamua. Kwa hiyo kama chombo kinachopanua matundu ya udi ndicho hichohicho kitakachotoboa tundu la kichongeo changu, vigingi na matundu vitakuwa watoto wa mama mmoja, na hata kama mchongoko si 30 kwa 1 kamili haijalishi, muhimu zilingane. Nikaamka nikachora kwenye bahasha.

Mzee alinikerezea pini moja ya mpingo yenye mchongoko, ya urefu wa shubiri. Nikaipasua mfereji kwa urefu, nikachomeka kipande cha msumeno wa chuma kilichonolewa ukingo mmoja, kimetokeza kidogo sana, kama unene wa karatasi. Hicho ndo cha kupanulia. Nikapanua nacho tundu kwenye kipande cha mninga, nikakata dirisha ubavuni, nikafunga kisu cha randa kwa skrubu mbili. Kichongeo tayari. Cha kwanza kilikuwa kinang'oa badala ya kunyoa, kisu kimekaa kina sana, nikakirudisha nyuma taratibu kwa kuweka karatasi ya sigara chini yake mpaka kikaanza kutoa utepe mweusi mwembamba unaojikunja wenyewe. Ule utepe nimeuhifadhi kwenye kiberiti, sitautupa.

Nikachonga vyote 11 na kimoja cha akiba. Jaribio la penseli, imefutika pande zote mbili, sawasawa, mviringo mzima. Kukizungusha ni kama kuzungusha kitu ndani ya siagi ngumu, halafu ukiacha kinasimama. Na nyuzi nimezungusha kuelekea upande wa kichwa cha kigingi ili uzi wenyewe uwe unakivuta ndani, hili watu wanalipuuza sana.

Kabla ya hapo kimoja cha zamani na kimoja cha mpingo nilivifungia kwenye ndoo yenye mfuniko na mchele niliouanika juani, siku tatu. Cha zamani kilipungua 0.15, cha mpingo haikufika hata 0.05 kwenye venia. Lakini ndoo si mlima. Lushoto mbali kwa jaribio, nikakumbuka mjomba yuko Amani, kule kwenye bustani ya mimea ya Wajerumani ya mwaka 1902, pana baridi na ukungu na ni Muheza tu hapo. Ijumaa nikapanda na udi. Nikamwamkia mjomba, nikala, nikamwomba awashe moto. Akashangaa, "Umetoka Tanga kuja kuota moto?" Nikamweleza, akacheka, akaleta kuni za kutosha usiku mzima. Udi nikauweka umbali uleule wa Soni, hatua tano, nikalala pembeni yake kwenye godoro.

Sikulala. Nikawa nasubiri ile trrrr. Saa tisa ikapita. Saa kumi ikapita, moto unapasua kuni tu. Saa kumi na moja na nusu ukungu umeshuka mpaka mlangoni, nikauchukua nikapiga wazi kutoka chini, Do, Fa, La, Re, Sol, Do. Ilikuwa palepale! Uzi mmoja wa juu ulishuka kidogo, huo ni mpya bado unavutika. Nilimwamsha mjomba nikampigia bashrafu yote mpaka mwisho, akaisikiliza amejifunika blanketi kichwani.

Kwa wanaouliza nyuzi, za juu bado natumia mshipi wa kuvulia, wa milimita 0.7, sijaona sababu ya kuacha, unapatikana sokoni hapa na ukikatika saa mbili usiku unajua pa kuupata. Za chini zenye waya zinanunuliwa tu hamna jinsi. Programu za kutyuni za kwenye simu ni nzuri kwa nyuzi wazi, baada ya hapo zifunge, maana ile noti ya tatu ya rasti inakaa katikati ya mbili wanazozijua wao na kitaa kitakuwakia chekundu wakati umepiga sahihi kabisa, kijana anayejifunza ataisogeza akimfuata mshale na ladha yote inaondoka.

Jumapili saa kumi na mbili asubuhi nipo stendi. Udi naupakata, kwenye buti la gari hauingii hata kondakta aseme nini, pale Korogwe na Mombo jua la mchana kwenye bati linaweza kulegeza gundi yote ya uso. Kigingi cha Re ya pili kinalia kidogo kikizunguka, kesho nakipaka sabuni kidogo sana. Mkoba mpya haupo, nimefunga ule wa zamani na kanga mbili.

Halafu dada mmoja anayekuja na fidla kutoka Arusha kasikia habari ya kichongeo, anasema vigingi vyake navyo vinateleza kila asubuhi, kauliza kama nitakibeba. Nakibeba. Ila vigingi vya fidla ni vyembamba kuliko hivi na mchongoko wake sijaupima, kwa hiyo venia naibeba pia, na vipande vinne vya mpingo, na nimeshaanza kunoa kipande kingine cha msumeno.