Maji ya Mwezi Kumi na Nne

Nimezaliwa Paje, kijiji cha pwani ya Unguja, na utotoni hakuna harufu niliyoichukia kama ya mwani. Kilimo chake kilianza kwetu na Jambiani mwaka 1989, na mama alikuwa miongoni mwa wanawake walioingia mapema. Vigingi, kamba, tai-tai za kufungia miche, maji ya kiunoni, jua la utosini, kisha gunia bichi kichwani linalokutiririkia chumvi mpaka mgongoni. Skuli nilikwenda na vidole vimechubuka. Niliapa nikishatoka Paje sishiki mwani tena maisha yangu.

Agosti 2019, kwa nauli yangu mwenyewe, nilipanda ndege kwenda kwenye kisiwa cha mwani.

Wakati huo nasoma Aberdeen, Scotland. Mwanafunzi mwenzangu alikuwa anakwenda kujitolea kujenga ukuta huko North Ronaldsay, kisiwa cha kaskazini kabisa katika visiwa vya Orkney, akaniambia kuna kondoo wanaokula mwani. Nikajua ananifanyia mzaha mimi mgeni. Akanionesha picha: kondoo mdogo mwenye pembe, kasimama juu ya mwamba, bahari nyuma yake, mdomoni ananing'iniza kitu kama mkanda wa ngozi. Nilinunua tiketi usiku uleule.

Kutoka Kirkwall, mji mkuu wa Orkney, tulichukua kindege cha abiria wanane. Nilikaa nyuma ya rubani, magoti yamekaribia kugusa kiti chake. Haikupita nusu saa kisiwa kikatokea dirishani chote kwa pamoja: kipande cha majani mabichi, urefu kama kilomita 5, hakuna kilima, miti hakuna ya kusema. Kwenye ncha moja umesimama mnara wa taa wa matofali mekundu wenye mikanda miwili myeupe. Ulijengwa mwaka 1854, una mita 42, na nchini Uingereza hakuna mnara wa taa uliojengwa nchi kavu unaoushinda kwa urefu. Ulihitajika. Miamba ya pale haikuchagua bendera. Mwaka 1740 iliivunja hata meli ya Kiswidi, Svecia, iliyokuwa inarudi na mali kutoka Bengal.

Lakini kilichonishangaza ni ukuta. Umekizunguka kisiwa karibu chote, kama kilomita 21, kimo cha mtu, mawe matupu bila saruji. Kwetu Paje wenye mashamba ya maweni nao hupanga mawe hivyo kuzuia nguruwe wasile mihogo, kwa hiyo sikuuona mgeni sana, mpaka nilipouliza mifugo iko upande gani. Iko nje. Ukuta haufugi kondoo. Unawafungia nje, wabaki pwani.

Habari yake nilipewa na mzee wa pale niliyepangiwa kufanya naye kazi, mtu wa maneno machache na mikono mipana kama makasia. Zamani, aliniambia, watu wa Orkney walikuwa wakichoma mwani, na majivu yake yakiuzwa kwa viwanda vya vioo na sabuni. Matajiri wenye ardhi walitajirika. Ilipokaribia 1830 bei ikaanguka, na pwani ikawa haina faida tena. Macho yakageukia ardhi ya ndani, itiwe mazao na ng'ombe. Mwaka 1832 ukajengwa ukuta, kondoo wakatolewa.

Hapo kwenye bei kuanguka nilimsimamisha. Nikamweleza kuhusu mama na wanunuzi wake, namna kilo inavyopandishwa na kushushwa na watu asiowaona. Akatikisa kichwa, akaniletea jiwe jingine.

Kondoo waliotupwa pwani walikula walichokikuta. Siku hizi miili yao imeshazoea hata madini. Mwani hauwapi shaba ya kutosha, kwa hiyo miili yao imejifunza kuinyonya kila chembe, na sasa wakiachwa kwenye majani siku nyingi shaba hiyohiyo inawaua kwa sumu. Majike tu huingizwa ndani wakati wa kuzaa, wanyonyeshe watoto kwenye majani kwa miezi michache, kisha hurudishwa.

Zamani kila nyumba ilikuwa na kipande chake cha ukuta, kwa kadiri ya kondoo wake. Karne ya 19 kisiwa kilikuwa na watu zaidi ya 500. Sasa ni kama 60, wengi wao wazee, na ukuta haujapungua hata hatua moja. Kila dhoruba ya kipupwe huuangusha mahali. Ndiyo maana wanaletwa watu kama mimi, wasiojua jiwe lipi likae wapi. Kazi yangu ya siku mbili za mwanzo mzee aliibomoa nusu na kuipanga upya bila kusema neno. Nilishukuru hakusema.

Siku ya tatu ndiyo siku yenyewe. Ilikuwa siku ya nne baada ya Idi el Haji, ambayo mimi niliila Aberdeen kwa kuku wa dukani. Kondoo walikuwa wakusanywe kwa ajili ya kunyolewa manyoya. Nikaamka nikapiga hesabu: leo mwezi kumi na nne, bamvua, maji yanajaa sana na kutoka sana. Mtoto wa Paje hafundishwi haya. Bamvua maji yanatoka asubuhi. Saa nne pwani imeshakauka, na mtu anaweza kutembea mpaka karibu na mwamba. Nikawaambia wenzangu kwa sauti ya mtaalamu kwamba wakitaka kuwaona kondoo wakila, twende sasa maana maji ndiyo yanatoka. Hakuna aliyenifuata. Wote walikuwa bado wanakunywa chai.

Saa mbili na nusu nilifika pwani, miamba nusu iko wazi, nusu imo majini. Vizuri, nikasema, yanatoka. Nikavua viatu visilowe, nikaviweka na mkoba wa chakula juu ya jiwe bapa, nikajifunga mtandio vizuri kwa ule upepo, nikashuka. Mwani wa kule ni wa kahawia, mpana, una mashina kama mpini wa jembe, na unateleza kuliko sabuni. Mbele walikuwako kondoo kama ishirini, wa kijivu, weusi, wa rangi ya tangawizi. Nilichuchumaa nikawatazama wakichagua. Huu wanauacha, ule wanaukata. Nilizubaa kama saa nzima.

Kilichonishtua ni kwamba walianza kuondoka. Hawakukimbia, walijipanga mmoja nyuma ya mwingine wakapanda juu. Nikageuka kutazama viatu vyangu. Jiwe bapa limekuwa kisiwa. Niliyoyaona asubuhi yalikuwa maji yanayojaa, na yalikuwa yanajaa kwa haraka ya bamvua ileile niliyojisifia.

Nilitoka pale maji yakinifika mapajani, baridi inakata kama wembe. Mkoba niliuokoa, kiatu kimoja pia. Cha pili nilikiona kinaelea kwa utulivu kuelekea Norway.

Mzee alikuwa amesimama ukutani. Alicheka mpaka akashika jiwe.

"Kwetu saa hizi yanatoka," nikasema, meno yanagongana.

Kicheko kikakatika. "Kwenu, mwezi mpevu, yanajaa saa ngapi?"

"Alasiri. Na alfajiri."

Akafikiri, akahesabu kwa vidole. "Hapa mwezi mpevu yanajaa kabla ya adhuhuri. Siku zote." Akanitazama kwa namna ambayo siku mbili zote hakunitazama. Kisha akanieleza kwamba ndiyo maana leo ndiyo siku ya kuwakusanya: maji yakijaa sana kondoo wanabanwa kati ya bahari na ukuta, hawana mwamba wa kukimbilia.

Nilipewa mabuti ya mpira ya mtu mwenye miguu mikubwa, nikaingia kwenye mstari. Tulitanda kutoka ukutani mpaka ukingo wa maji, wazee, watoto, wageni, mikono tumeipanua, tukawasukuma polepole mpaka kwenye zizi la mawe. Mmoja aliniruka begani. Zizini kila mwenye kondoo alimjua wake kwa alama iliyokatwa sikioni, na walionyoa walinyoa wa kila mtu. Mimi nilipewa kushika. Nilimbana kondoo kwa magoti, nikainamisha uso, na manyoya yake yalinuka gunia la mama.

Nyama yao wenyeji wanaisifia sana. Mimi sikuila, haikuwa imechinjwa kwa sheria yetu.

Jioni saa kumi na moja nilikaa ukutani nikapiga simu Paje.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nikamsimulia yote. Akanyamaza, nikadhani mtandao umekatika.

"Hao kondoo wanapelekewa mwani, au wanajichumia?"

"Wanajichumia."

"Na hawauzi?"

"Hawauzi, mama."

"Basi wamenishinda akili. Kiatu kimoja au vyote viwili?"

"Kimoja."

"Hebu kakitafute. Maji si yameshatoka?"

Yalikuwa yametoka kweli, miamba iko wazi mpaka mbali. Nikashuka na mabuti yangu ya kuazima, nikapita kila ufa. Walewale waliokwisha kunyolewa walikuwa wamesharudi chini, weupe na wembamba kama waliovuliwa nguo, wanakula. Mmoja alikuwa anavuta kitu cheusi kutoka kwenye mchanga, anakivuta kwa nguvu. Nilimsogelea mpaka karibu kabisa. Mwani.