Hakuna Mwenye Alikuwa na Pua

"Mimi nimelea watoto sita na hii maziwa. Hakuna mwenye alikuwa na pua."

Shosho, mama mkwe wangu, alisema hayo mezani kwangu, mbele ya watoto, na mume wangu, Baba Njeri, akacheka. Nimejaribu kuandika mengine wiki hii, maana ofisi imehamia Upper Hill na mwanangu Mwangi ametolewa plasta mguuni na anatembea, lakini kila nikianza, sentensi hiyo inanirudia kama nzi aliyeonja sukari.

Mnaomjua Shosho mnajua haji Nairobi mikono mitupu. Alishuka na viazi, kabeji, na ule mtungi wa njano wa lita tano, maziwa ya Sofia, ng'ombe wake, yamekamwa alfajiri hiyo hiyo Ol Kalou. Nikayachemsha. Nikapika chai ya watu wote kwenye sufuria kubwa, kisha kando, kimya kimya, nikajipikia yangu bila maziwa. Nilidhani hataona. Mwanamke anayeweza kuona kupe kwenye sikio la ng'ombe akiwa upande wa pili wa ua, nilidhani hataona kikombe.

"Hiyo kikombe yako iko na nini?"

"Strungi, Mama."

"Maziwa imeisha?"

"Haijaisha, Mama. Nimeacha maziwa. Ni hii sainasi."

"Hata ya Sofia?"

Nikasema hata ya Sofia. Hapo akaweka kikombe chini, akamtazama mwanawe, si mimi, ndipo akatoa hesabu ya watoto sita.

Baba Njeri ni wa tatu kati ya hao sita wasio na pua. Kila asubuhi majirani wa ghorofa ya chini hujua kumekucha kwa jinsi anavyopenga kamasi bafuni. Na ndiye aliyecheka.

Nimeshamjibu Shosho mara nyingi tangu siku ile: kwenye matatu, nikiosha vyombo, katikati ya kuandaa mishahara ya watu. Lipo jibu la heshima, kwamba maziwa yake hayana neno, shida ni kichwa changu. Lipo la ukali, ambalo linaanza na "Mama, muulize mwanao". Lipo hata la mzaha, kwamba hao sita pua wanazo, ni vile tu hazijawahi kuulizwa. Siku yenyewe nilisema "Ni kweli, Mama" nikaongeza sukari ambayo sikuitaka.

Kinachouma si maneno. Ni kwamba hakuniambia mimi. Miaka yote hii, mimi na yeye tumeongea moja kwa moja. Mimi ni mtu wa Voi, Kikuyu changu ni cha kusalimia na kununua viazi, kwa hivyo Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, chake na changu, na hatujawahi kuhitaji mtu wa katikati. Siku ile akapitia kwa mwanawe, kama mtu anayepeleka kesi kwa chifu.

Habari ya pua yangu sitairudia, mmeivumilia tangu mwaka jana: uso mzito nikiinama, usiku wa kupumulia mdomo, na lile jino la juu lililoniuma hadi nikaenda kwa daktari wa meno, akagonga yote, akasema ni mazima, niende nikatazamwe pua. Aliyenishauri niache maziwa ni Mama Chebet wa chama. Mama Chebet ni mtu wa mursik, yale maziwa ya mgando ya Wakalenjin, kwa hivyo nilijua ushauri huo haukutoka kinywani mwake kirahisi.

Kuacha maziwa Nairobi si kuacha chakula, ni kuacha kukaa na watu. Chai ya saa nne ofisini inapikwa na maziwa humo humo, huwezi kuyachuja. Strungi tarehe 20 inaeleweka, kila mtu amewahi kufika hapo. Strungi tarehe 2, na mimi ndiye ninayeandaa mishahara, ilizua minong'ono kwamba kuna kitu nakijua. Maziwa ya soya yalinishinda kwa ladha, na kwa bei yake ningerudi kwenye ATM ya maziwa, ile mashine ya kuyauza, pale chini nikajaza chupa na chenji ingebaki. Nikakumbuka ya kwetu, nikajaribu chai ya tui la nazi. Njeri akasema inanuka wali. Mimi sikunusa chochote, wala sikushangaa. Nilikuwa nimezoea kuuliza kama kitu kinaungua.

(Mnaouliza mifupa itapata wapi kalsiamu bila maziwa: omena analiwa na mifupa yake, na wimbi una kalsiamu kuliko mahindi na mchele. Tangu Mwangi avunjike nimekuwa hodari wa mambo haya.)

Na mimi si mtu wa kuyachukia maziwa. Mimi ni mtoto wa maziwa ya Nyayo, yale Moi aliyoanzisha shuleni mwaka 1979, pakiti zenye pembe ambazo ukizikanyaga zikiwa tupu zinalia kama bunduki. Kila mtoto wa darasa letu alikuwa na kamasi mpaka kwenye mdomo, lakini hiyo nadhani ilikuwa utoto tu.

Kuna jambo ambalo Shosho hajui, na sijamwambia. Daktari wa masikio, pua na koo yuko upande wake. Alinichorea uso nyuma ya risiti, akaonyesha sainasi zenyewe, vile vyumba vya hewa ndani ya mifupa, jozi nne: kwenye paji, mashavuni, kati ya macho, na nyuma kabisa. Mlango ukivimba, ute unabaki humo. Ikizidi wiki 12 wanaiita sugu, na yangu ilizipita zamani. Akaniandikia dawa ya kupuliza yenye steroidi, akaniambia niwe naosha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, nisichote tu ya mfereji. Nilipomtajia maziwa akatabasamu. Akasema maziwa yakichanganyika na mate yanakuwa mazito, mtu akayahisi kooni akadhani ni kamasi mpya. Kama huna mzio nayo, akasema, kunywa chai yako.

Usiku ule wa watoto sita sikupata usingizi, nikasoma. Mwaka 1990, huko Adelaide, Australia, watafiti waliwatia watu wazima 60 virusi vya mafua, wakaandika maziwa ambayo kila mmoja alikunywa na kupima uzito wa kamasi zilizotoka. Wanywaji wakubwa hawakuwa na kamasi zaidi ya wasiokunywa. Nilisoma hayo saa nane usiku, Baba Njeri akikoroma kando yangu kwa pua ambayo hana, nikazima simu.

Shida ni kwamba niliacha maziwa na kuanza dawa wiki moja. Nafuu imekuja, nimshukuru nani? Njia ya kujua ipo: niendelee na dawa, nirudie maziwa, nione. Sitaki. Nina mwezi na zaidi nikilala mdomo ukiwa umefungwa, na sitavuruga hayo ili nishinde au nishindwe kwenye mabishano ambayo mwenzangu hata hajui yanaendelea.

Maana Jumatano ilinipata kitu. Nilikuwa kwenye matatu, Jogoo Road, foleni imekaza, nikiwa kwenye jibu la ukali, na tulipofika karibu na soko la Burma nikasikia harufu ya nyama. Nyama mbichi, damu, na moshi wa mtu anayechoma kitu asubuhi yote hiyo. Nikageuka kutafuta ni nani amebeba. Hakuna aliyebeba, ilikuwa ikiingia dirishani. Kisha ikaja dizeli. Kisha mafuta ya nywele ya msichana wa mbele yangu, kisha kwapa la kondakta, Mungu amsaidie. Nairobi si mji wa kurudishiwa pua polepole. Nilicheka peke yangu, mama wa kando akasogeza mkoba wake. Jioni nikakaanga vitunguu ambavyo hakuna aliyeviomba. Nikanusa kichwa cha Mwangi mpaka akakimbia, na mguu wake ule mpya. Nikafungua kabati la nguo nikagundua sweta ya Baba Njeri inanuka moshi wa jikoni kwa mama yake, na imekuwa hapo tangu Desemba.

Siku mbili nzima sikumjibu Shosho hata mara moja.

Halafu Ijumaa ukaja mzigo wake. Viazi, karoti, kabeji mbili. Mtungi wa njano hakuna. Nikapekua gunia mpaka chini. Siku zote, hata mwaka ule wa ukame, mtungi huja. Nikaketi jikoni na gunia lile nikiwaza, hata watoto sasa wananyimwa kwa sababu ya pua yangu?

Baba Njeri akampigia simu, mimi nikijifanya namenya viazi. Sofia anakaribia kuzaa, wameacha kumkama. Ni kawaida, miezi miwili kabla ya ndama ng'ombe anapumzishwa. Walimwachisha wiki ile ile Shosho alipokuja, yale ya mtungi yakiwa ya mwisho. Akauliza naendeleaje. Akauliza kama pua "imerudi".

"Mwambie mwenyewe," Baba Njeri akasema, akinipa simu, na salio la watu wa Ol Kalou likakatika hapo hapo, au mtandao, sijui. Nitampigia kesho.

Lakini kesho ndiyo Jumapili, na Jumapili Mercy amesema tuongee. "Mum, Jumapili tukikosa kwenda kanisa mapema, niko na kitu kidogo." Mnaokaa na dada wa kazi mnajua kitu kidogo ni kitu gani. Shule zinafungua Jumatatu ya kesho kutwa. Leo nimekuta begi lake limefuliwa na kuanikwa kwenye kamba, na sidhani begi hufuliwa bila safari. Kama kuna anayemjua mtu mzuri, mwenye subira na mtoto anayejifunza upya kukimbia, aniandikie kabla ya kesho jioni.