Mkunazi Wangu Ulivyorudi Kuzaa

Mkunazi ulio nyuma ya nyumba yetu mjini Lamu nilizaliwa nikaukuta, na miaka yote hiyo ulizaa kunazi za kuwatosha watoto wa mtaa mzima. Jirani alipoukata wa kwake, uliokuwa ng'ambo ya ukuta, apate nafasi ya kujenga, sikudhani kuwa jambo hilo lingenihusu. Msimu uliofuata mti wangu ulichanua kama desturi yake, vile viua vidogo vya kijani-manjano vikajaa penye vikonyo vya majani, nzi na nyuki wakavifuata, kisha vikapukutika vyote pasi na tunda. Misimu miwili ikapita hivyo. Nikatia samadi ya punda, ambayo kwetu haiadimiki, nikamwagilia maji, halikubadilika neno.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa kijiji cha Matondoni, fundi wa majahazi. "Mwanangu," alinambia, "mti wako hauna maradhi. Umekosa mwenzake." Baadaye nilijifunza kwamba mikunazi mingi haizai kwa chavua yake yenyewe, yaani ule unga wa maua, bali huhitaji ya mkunazi wa mbegu nyingine, na kwa kuwa chavua hiyo ni nzito na ya kunata, haipeperushwi na upepo, sharti ibebwe na wadudu.

Ua wetu ni mdogo, hauna nafasi ya mti wa pili. Nikaamua kupandikiza tawi moja tu, nalo likawa ndilo mwenza. Wakati wa kaskazi, mkunazi unapopukutisha majani, nililikata tawi la upande wa ukuta likabaki kigutu, nikasubiri mvua za masika zilete machipukizi. Hapo hakuna hasara, kwa kuwa mkunazi huzaa kwenye vitawi vipya vya mwaka ule ule, na usiokatwa huzidi miiba kuliko matunda. Chipukizi lilipofikia unene wa kalamu, nilikwenda Matondoni kuchukua macho, yaani vile vitumba vya kuchipua, ya mkunazi wa huyo mzee, wenye kunazi kubwa ndefu.

Mara mbili nilishindwa. Niliyakata macho adhuhuri, yakafika mjini yamekauka. Mara ya tatu niliyakata alfajiri, nikayafunga kwa kitambaa kibichi ndani ya jani la mgomba, na kabla ya jua kupanda nilikuwa nimekwisha kupasua gome kwa kisu kikali, nikalichomeka jicho na kulifunga kwa utepe wa nailoni, ncha yake nikiiacha wazi. Wiki ya tatu likavimba. Nilitokwa na machozi, nami sioni haya kulisema.

Tawi hilo lilipochanua msimu wa pili, mti mzima ulishika matunda. Kila mwaka huyang'oa machipukizi yanayoota chini ya kiungo, pale jicho liliposhikana na mti, maana ni ya mti wa zamani, nayo yakiachwa hulimeza tawi la mgeni.