Mifuko 20 ya saruji na watu wanne

Kadi ya pikapu yangu inasema uzito mtupu kilo 1,900, mwisho wake ukipakia 2,900. Nikapiga hesabu ya haraka: saruji mifuko 20 ya kilo 50, tani moja hiyo, twende! Kumbe mimi, fundi na vibarua wawili nasi ni mzigo, kama kilo 300 hivi (fundi peke yake mifuko miwili).

Kufika Ruaha Mbuyuni usiku, nyuma imekaa, taa zinamulika matawi, usukani mwepesi kama baiskeli. Mlima Kitonga, wenye mwinuko na kona kali, uko mbele. Nikaacha mifuko sita kwa muuza vitunguu.

Fundi: "Bosi, si tungefunga tela?"

Tela nalo, uzito unaokalia ndoano unahesabiwa humo humo kwenye zile 2,900.